Bwana Afya Ukutani

Alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita Bwana Afya, na yeye aliendelea kuitika. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akikagua vyakula vya watu wengine. Alikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe, na mfukoni mwa koti hilo kulikaa kipimajoto kirefu cha kuchomeka kwenye vyungu. Alipotokeza kwenye vichochoro vya mtaa wa zamani, wauzaji waliacha soga, wakafunika sufuria, wakanawa mikono iliyokwisha kunawa. Yeye alifunua, akachomeka, akasoma, akaguna. Mguno ule ndio uliowatia watu tumbo joto. Kwa sababu ya kile kipimajoto walimbandika jina la Daktari wa Supu, nalo jina likamfikia kama majina ya namna hiyo yanavyomfikia mwenyewe, mwisho kabisa, baada ya kila mtu kulichoka.

Kula, hakula. Katika miaka yote hiyo hakuonja hata punje ya hindi la njiani. Harusini alikwenda na chai yake kwenye chupa, na misibani alikuwa na ndizi mfukoni, kwa kuwa ndizi, alisema, Mungu ameifunga mwenyewe.

Alipostaafu, ukaguzi ulihamia nyumbani. Asubuhi alisimama nyuma ya mkewe jikoni, mikono mgongoni, akitazama namna kitambaa cha kufutia vyombo kilivyoanikwa.

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja bila kugeuka, "hiyo sufuria imekukosea nini?"

"Naitazama tu."

"Basi ukimaliza kuitazama, kuna bao linachezwa huko nje. Nenda ukakague kete."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi, akifukuzwa jikoni kwa heshima, hadi siku kinyozi alipomharibia amani. Alikuwa amefunikwa shuka jeupe, povu limemjaa kidevuni, wembe uko shingoni, yaani katika hali ambayo mtu hawezi kujibu, ndipo kinyozi akasema, "Mzee, umeshaona walivyokuchora?"

Bwana Afya akatoa sauti fulani kwenye povu.

"Kule mtaa wa zamani. Wachoraji wamepaka kuta zote. Wanasema na wewe umo, na koti lako. Mimi sijaona, nimesikia tu watu wakicheka."

Wakicheka! Neno hilo alikwenda nalo nyumbani, akala nalo, akalala nalo. Aliwazia pua yake imerefushwa kama mpini wa jembe. Aliwazia watu wanapiga picha mbele ya tumbo lake. Mara mbili alitoka nyumbani akisema anakwenda kununua gazeti, akafika mwanzo wa kichochoro cha kwanza, akarudi. Angeingiaje? Angemuuliza nani? Mtu mzima hasimami njiani akaanza kuuliza, "Samahani, mimi nimechorwa wapi?"

Bahati yake, au balaa yake, shemeji yake akaja kuwatembelea. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na tumbo lisilochagua. Hata mkoba hajautua vizuri akaanza, "Nasikia mtaa wenu wa zamani umepakwa rangi kila mahali, na vyakula vya pale vinanukia hadi stendi. Nani atanipeleka?"

"Dada yako ana kazi nyingi," Bwana Afya akasema, akiitazama dari. "Nitajitolea mimi."

Mkewe aliacha kumenya kitunguu. Akamtazama, akamtazama dada yake, kisha akaendelea kumenya. "Mchukue," alisema. "Ukimrudisha jioni hakuna haraka."

Wakaingia mtaani saa za asubuhi, jua likiwa bado upande mmoja wa vichochoro. Ulikuwa mtaa wa nyumba zilizoegemeana kama wazee waliochoka, milango mikubwa ya mbao, vibaraza vilivyochakaa katikati kwa kukaliwa, nyaya za umeme zikining'inia chini ya madirisha. Bwana Afya aliujua kwa mifereji yake. Kila kona alikumbuka iliziba mwaka gani. Lakini kuta hakuzitambua. Juu ya mlango wa fundi cherehani kulikuwa na jogoo mwekundu aliyepanda hadi ghorofa ya pili, na kwa kuwa mkia wake ulizunguka dirisha la watu, na watu walikuwa wameanika, ungesema jogoo kavaa soksi. Mbele kidogo mwanamke wa rangi ya buluu alikuwa amelala ukuta mzima, goti lake likiwa palepale plasta ilipovimba.

"Angalia walivyotumia ubovu wa ukuta!" shemeji akashangaa.

"Hapo kuna unyevu," alisema Bwana Afya. "Ule ukuta unahitaji daktari, si rangi."

Shemeji hakumsikia, alikuwa keshanunua. Alianza na karanga, akahamia kwenye vipande vya nanasi, kisha yai la kuchemsha lililopasuliwa na kutiwa pilipili katikati. Kila alipokula, Bwana Afya aligeukia upande mwingine kama mtu anayempisha mwenzake anayevaa. Lakini kumbe macho yake yalikuwa kazini. Alikuwa akipekua kila ukuta, juu na chini, akitafuta koti jeupe.

"Shemeji, unatafuta nini?"

"Natazama sanaa."

"Nyuma ya lile pipa la taka?"

Kwenye njia panda ya vichochoro wakamkuta muuza supu. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, anayeinama juu ya chungu chake kana kwamba wananong'onezana. Aliinua kichwa, akatulia, halafu uso wote ukafunguka.

"Daktari wangu! Leo umekuja bila fimbo yako? Karibu basi upime kwa ulimi."

Bwana Afya akakohoa. Akauliza habari za familia, akauliza habari za mvua, akauliza kama mfereji wa nyuma bado unapitisha. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo lisilo na maana, akasema, "Hivi hizi picha, wamechora na watu pia?"

"Wamechora watu, wamechora na paka, na wengine hatujajua tuwaweke kundi gani." Muuza supu akakoroga. "Unaulizia yako? Ipo. Lakini mimi mtu mwenye njaa simwelekezi, atapotea."

Bakuli likajazwa, likawekwa mbele yake. Shemeji alikuwa tayari nusu ya lake. Bwana Afya aliutazama mvuke. Mkono ulikwenda wenyewe mfukoni, ukakuta leso. Akatazama kijiko mbele na nyuma. Akakifuta kwa leso, akakifuta tena, akanywa kidogo sana, kama mtoto anayelambishwa dawa.

Akanywa tena.

Ile supu ilikuwa na tangawizi na ndimu, na mfupa uliochemka hadi ukakata tamaa. Ilimshuka kifuani taratibu, ikamfikia mahali ambapo chai ya chupa haikuwahi kufika. Akawaza kwamba chungu hiki hiki alikifunua maisha yake yote, akajua joto lake, akajua kifuniko chake kimebonyea wapi, na kumbe hakuwa anajua lolote. Wazo hilo halikumpendeza. Akalinywea supu.

"Shemeji," mwalimu wa chekechea alisema kwa upole, "kuna ua limechorwa ndani ya bakuli. Umeliona?"

"Ua gani?"

"Hilo unalolikwangua."

Muuza supu akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Baadaye akaonyesha kwa mwiko: nenda moja kwa moja, pita wauza samaki, utaona ghala la zamani, ukuta mrefu kuliko wote, Mama Viazi anakaanga mbele yake. Halafu akaona haitoshi. Akamwachia jirani yake chungu, akajifuta mikono kwenye aproni, akafuatana nao. Jambo kama lile hakutaka kuja kusimuliwa.

Ukuta wa ghala ulikuwa mrefu kweli. Mchoraji, mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani kilichokula rangi nyingi kuliko ukuta, alikuwa juu ya ngazi akimalizia wingu. Chini yake kulikuwa na historia nzima ya wauzaji wa mtaa. Wanawake wenye mabeseni, wanaume na majiko, moshi, mwavuli uliopinduliwa na upepo. Katikati kulikuwa na siku ya msako. Wote wanakimbia, karai hewani, samaki wanaruka kana kwamba wamepata nafasi ya pili, na nyuma yao askari wa jiji, mkubwa kama mlango, mashavu yamevimba, rungu juu.

Bwana Afya alimtambua yule askari. Alikuwa mvivu, hakuwahi kukimbia hata siku moja.

Akaanza kujitafuta. Alianzia kushoto, akaja hadi kulia. Akarudi. Akakaribia hadi pua ikagusa rangi.

"Chini zaidi," alisema muuza supu.

"Wapi?"

"Pale, kati ya paka na mfereji."

Palikuwa na kitu cheupe, kirefu kama kiganja. Kilikuwa na vimiguu viwili na kijiti mkononi.

"Hicho ni nini?"

"Hicho ni wewe."

Shemeji aliinama kuangalia. Akainuka. Akatafuta mahali pa kukaa, akapata ndoo iliyopinduliwa, akaikalia, akajifunika uso kwa mkoba na kucheka hadi miguu ikawa inapiga chini.

Sasa, Bwana Afya alikuwa amejiandaa. Maneno yote aliyapanga kitandani: kwamba mtumishi wa umma hachorwi bila idhini, kwamba anataka picha ifutwe leo hii, kwamba kuna ofisi zinazohusika na mambo kama haya. Alifungua mdomo ayaseme. Kilichotoka ni kingine.

"Mbona mdogo?"

Mchoraji akatazama chini kutoka kwenye ngazi. "Mzee?"

"Nauliza, mbona mdogo? Yule mvivu mmempa ukuta mzima, mimi mmenilinganisha na paka. Tena paka kanizidi!"

"Ah, wewe ndiye Daktari wa Supu!" Mchoraji akashuka, brashi mkononi, akampa kiwiko amsalimie kwa kuwa mikono ilikuwa na rangi. "Shikamoo. Mimi nachora ninavyosimuliwa, mzee wangu. Kila muuzaji alikuja na kumbukumbu yake. Askari alitajwa na wote. Wewe ulitajwa mwishoni, na nafasi ilikuwa imebaki hiyo."

"Nilitajwa na nani?"

"Na mimi," ikajibu sauti kutoka kwenye moshi.

Mama Viazi alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, aliyekaa kwenye kigoda chake kama aliyekalia kiti cha enzi. Mbele yake viazi vilikuwa vinachemka kwenye mafuta. Hakuinuka. Alivigeuza, akavitazama, ndipo akasema, "Nilimwambia, kulikuwa na bwana mmoja wa afya. Akaniuliza alikuwaje. Nikamwambia, alikuwa anamwaga mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta yangu. Mfereji ule ule aliokuchora nao."

Bwana Afya akakumbuka. Kumbukumbu ilimjia na rangi yake. "Mama, mafuta yale yalikuwa meusi kama lami!"

"Yalikuwa na rangi ya kazi."

"Yangeleta magonjwa!"

"Na magonjwa yangekuja kununua, maana viazi vyangu vilikuwa vitamu."

Watu walikwisha kuanza kusogea. Wauza samaki waliacha samaki wao na nzi. Muuza supu, aliyekuwa akijizuia muda wote, akainua mwiko aliokuja nao. "Ngojeni. Kusema kweli tuseme yote. Mwaka wa kipindupindu, nani alileta bomba la maji hapa? Si yeye? Alikwenda ofisi ya maji kila kukicha hadi wakamwona kama msiba. Mimi nilimpita mara ngapi kwenye ngazi za ile ofisi, amekaa, koti limeloa jasho! Kabla ya lile bomba tulikuwa tunachota wapi?"

Bomba lenyewe lilikuwa palepale pembeni, likidondoka.

"Bomba alileta," Mama Viazi akakubali. "Sijasema hakuleta." Akaepua viazi, akavimwaga kwenye chujio, akatingisha. "Lakini siku ile ya mafuta nilikwenda nyumbani na karai tupu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuuza. Nililia njia nzima. Wewe hukuona, kwa sababu ulipomaliza kumwaga uligeuka ukaenda kwa mwingine."

Akilini alikuwa na jibu la kikazi: kwamba sheria ilisema mafuta yaliyoharibika yamwagwe mbele ya mwenyewe, na yeye alifuata sheria. Lakini sheria haikusema lolote kuhusu kutazama nyuma. Ni kweli, hakutazama nyuma. Alikuwa na vyungu vingine vya kwenda kufunua. Akasimama mbele ya kigoda kile, mikono ikiwa haijui pa kwenda, akasema, "Pole, mama. Kwa dhati."

Mama Viazi alimtazama muda mrefu. "Pole ya tangu enzi hizo imepoa," akasema. "Ipime na kipimajoto chako uone." Halafu akacheka, na mtaa mzima ukacheka naye, na Bwana Afya, baada ya kuangalia kushoto na kulia kama anayevuka barabara, akacheka pia.

Ndipo mchoraji, aliyekuwa ameegemea ngazi akisikiliza, akasema kwamba pale karibu na bomba ukuta bado mtupu. Anaweza kuchora mtu mzima, kimo chake halali. Ila hachori kwa kuhadithiwa tena, anataka mwenyewe akae.

"Akae hapa kwangu," Mama Viazi akaamua. "Na achorwe na yote mawili. Mkono mmoja afungue bomba, mkono mwingine amwage mafuta."

"Mama, huo mkono wa mafuta..."

"Au abaki na paka."

Bwana Afya akavuta kigoda, akakaa. Mchoraji akakoroga rangi nyeupe. Akarudi nyuma, akakunja jicho moja, akapima hewani kwa brashi.

"Naomba jambo moja," mzee akasema, akijinyoosha. "Tumbo ulipunguze. Enzi zile sikuwa nalo."

"Mzee, nikupe tumbo la enzi zile, nywele nazo nirudishe?"

"Kama rangi nyeusi imebaki..."

"Mchore alivyo!" shemeji alipiga kelele kutoka kwenye ndoo yake. "Dada atamtambuaje?"

Ilikuwa kazi ndefu. Mtu hawezi kukaa pembeni ya karai la viazi nusu siku nzima bila kula, isipokuwa awe wa mawe. Kwanza alikataa. Kisha akaomba kimoja aone kama kimeiva ndani. Kilikuwa kimeiva. Akaomba kingine, kulinganisha. Wauza samaki wakaona wivu, wakaleta kipande kilichokaangwa kikavu hadi mifupa ikawa inatafunika. Wakamletea na chumvi kwenye karatasi. Kila mpita njia alisimama: wa kusalimia wakasalimia, wenye visa vya zamani wakavitoa, naye hakuweza kukimbia kwa sababu mchoraji alimkataza kutikisika. Mmoja alimkumbusha maharage aliyoyazika. Mwingine alimshukuru kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisahau, mtoto aliyepelekwa hospitali mapema kwa sababu yeye ndiye aliyemwona macho yameingia ndani. Mtoto huyo sasa alikuwa na ndevu, akiuza betri mtaa wa pili.

Alikuwa na kiazi mkononi na kingine shavuni mkewe alipotokeza mwisho wa kichochoro. Mtu alikuwa ameshampelekea habari. Watu wa namna hiyo hawakosekani. Alikuja bila haraka, kanga begani, akapita kundi lote, akasimama mbele ya mumewe ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akinusa maziwa kabla ya kunywa.

"Baba watoto."

Bwana Afya akameza kabla ya wakati.

"Kwangu chumvi imezidi, mafuta yamezidi, kitunguu hakikuoshwa. Hapa karatasi la chumvi unalilamba."

"Mchoraji kanikataza kutikisika," alisema Bwana Afya.

"Mdomo umeruhusiwa?"

Mama Viazi alishasogeza kigoda kingine. Mkewe akakitazama kigoda, akamtazama mumewe, akaitazama ile sura iliyokuwa ikitokeza ukutani na tumbo lake halali. Akakaa. "Nipeni na mimi," alisema, "na pilipili msimwonee mtu haya." Dada yake akaivuta ndoo karibu, wakala wote watatu kutoka kwenye karatasi moja.

Walipoondoka jua lilikuwa limehamia upande mwingine wa kichochoro. Shemeji alitangulia, alikuwa ameona kibanda cha juisi. Bwana Afya na mkewe walifuata polepole. Mtu aliyeshiba kiasi kile hawezi kwenda vingine. Kwa fundi cherehani mkewe akasimama. Akainua uso hadi kanga ikamteleza, akawa anamtazama yule jogoo kuanzia kucha hadi kishungi.

"Huyu yupo tangu lini?"

"Sijui. Miezi kadhaa."

"Na mimi naishi hapo nyuma tu." Hakusema kwa hasira. "Unajua mara ya mwisho kupita hapa ilikuwa lini? Nilikuwa bibi arusi. Ulinishika mkono ukaniambia huku nisije, kuna vijidudu."

Alikumbuka. Hata mkono wenyewe alikumbuka, ulikuwa na hina na baridi. Alikuwa amesema vile kwa sababu hakujua mume mpya aseme nini.

"Vijidudu vilikuwepo," alisema.

"Mh."

"Lakini wauza samaki wanasema Jumamosi wanapata wakubwa. Wa kuchoma." Akakohoa. "Nilikuwa nafikiri, kama huna kazi nyingi."

Juu, kwenye dirisha la jogoo, mwanamke alitoa mkono na kuanza kuanua soksi, mojamoja, akizikung'uta.

"Na chai ya chupa?" mkewe akauliza.

"Tutaiacha nyumbani."

"Basi nitavaa viatu vya kutembelea," alisema, akarudisha kanga begani, wakaendelea, maana shemeji alikuwa akiwaita kutoka kwenye kibanda cha juisi, akiuliza kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima kama Daktari wa Supu anapenda ya embe au ya pasheni.